Paa Lavuya

Nashona vitabu Langoni, chumba cha chini,
uzi wa katani, sindano ya gunia,
gundi ya unga wa ngano naipika mwenyewe,
naitia shabu mende wasiionje.

Miaka thelathini na minne nimesomea maji.
Maji ya bahari huacha mstari mweupe pembeni.
Chai huacha duara, na sukari huita sisimizi.
Mvua haichagui, hulala na kurasa zote.
Tozi, lakini,
tozi huacha kinundu kidogo kama kovu la ndui,
na ukipitisha kidole gumba, macho umeyafumba,
wakijua.

Lali Skanda, mchonga milango, shingo kama nguzo,
aliniletea hadithi ya kijana aliyemuuza punda wa marehemu babake.
"Jalada limelegea," akasema, "na paa lavuya."
Nikafungua: ukurasa wa mia na nane, basi.
Paa gani, Lali, lidondokealo ukurasa mmoja
mara kumi na moja,
na majirani zake likawaacha wakavu?
Sikumuuliza.
Nilisema: mia tatu, uje Alhamisi.

Famau wa forodhani, mfokea makuli,
alikuja na kitabu cha ngumbaru amekificha ndani ya shati.
Alilowesha neno la kwanza alilolisoma peke yake.
Neno lenyewe lilikuwa "kikapu".

Wengine hawaji. Hutuma watoto.
Wote ombi lao moja: ninyooshee.
Basi naweka karatasi ya kunyonya, juu yake jiwe,
na asubuhi ukurasa hauna siri ya mtu.

Baba ndiye aliyenifunza jiwe lile.
"Mume halii kwa mato," alikuwa akisema,
nami nikamshusha kaburini mato makavu kama chokaa,
watu wakanisifu.

Juzi akaja Shekuwe, sajini mstaafu,
na daftari la mamake, Bi Khuzema mkunga,
mgongo umekatika, kurasa zashikana kwa mazoea tu.
Alizalisha nusu ya mtaa, mama yule. Aliandika kwa penseli,
na baba wa mtoto alitia sahihi kwa wino:
Wa kwa Kupi, mke, usiku wa maulidi.
Wa kwa Aboud, mume, kitovu shingoni, kapona.
Mimi nashona, sisomi, kazi ni kazi,
mpaka sindano ikafika mstari huu:

Wa kwa Bunu mshona vitabu. Mapacha, waume.
Wa kwanza yuhai.
Wa pili hakulia.

Bunu ni baba.
Wa kwanza ni mimi, nina miaka sitini na moja,
na hakuna aliyeniambia.
Kumbe ndiyo sababu mama kila Idi
alishona kanzu mbili za kimo kimoja,
moja akanivika, moja akaipeleka kwa yatima,
nami nikidhani ni ukarimu.

Chini ya mstari, sahihi ya baba.
Herufi ya mwisho imetanda, wino umekimbia pande zote,
na katikati ya doa, kinundu.
Nikafumba macho. Nikapitisha kidole gumba.
Nikakijua.

Sikuweka jiwe.
Nilishona kwa kuuzunguka ukurasa ule,
polepole, kama mtu apitaye penye mtoto aliyelala.

Shekuwe alipokuja, alifungua papo hapo penye uzi mpya.
Polisi ni polisi.
Akaona doa la zamani, na pembeni yake
jingine, bado bichi.
Mwezi mzima wa kaskazi, mbingu haina hata kiraka.
"Paa lavuya," nikasema.

Akainua kichwa.
Juu yetu hakuna paa, ni nyumba ya watu,
mtoto wao alikuwa akiburuta kiti.
Akatazama boriti moja moja, akazimaliza,
akafunika daftari, akalipachika kwapani.
"Hata letu," akasema. "Hata letu lavuya."
Na fedha yangu akasahau kunilipa,
nami nikasahau kudai.