Uso wa Kisanduku

Waya zimetulia, programu imekubali,
kipimajoto kinasema kweli hadi nusu ya nyuzi.
Lakini mtambo wa Ambrus, shemeji yangu,
wa kuchemshia plamu na kukinga tone kwa tone,
bado uko uchi, matumbo nje,
umebanwa kwa utepe ndani ya boksi la viatu.
Uso umeumbwa na haya, husema watu.
Huu haujaumbwa. Ndiyo kazi niliyopewa.

Miaka thelathini na mmoja nilichora vipuri
katika kiwanda cha chuma, hapahapa Miskolc,
kwa penseli ngumu na wembe wa kufutia.
Leo kiwanda ni mabati na magugu,
nami nimeinamia kompyuta ya mjukuu:
mstari mwekundu ni wa kukata,
mweusi, wa kuchonga.

Nikapima skrini, sabini na moja kwa ishirini na nne.
Nikapima shingo ya swichi, kisha vifundo viwili,
kimoja cha moto, kimoja cha maji ya kupozea,
nikavikalisha jirani kama macho ya mtoto,
milimita kumi na nane, kitovu kwa kitovu.
Nilikipenda. Nakiri, nilikipenda
kabla hakijawa kitu.

Boglárka wa karakana ya mtaa,
nywele kazifunga kwa kipande cha waya,
aliutazama mchoro, akasema: Bibi, mwanga nao una meno.
Ukichora tundu la saba utapata saba na unywele.
Punguza.
Nikapunguza, masikio yakiniwaka,
maana msumeno wa chuma ulinifunza hilo
kabla mama yake hajazaliwa.

Leza ikapita. Cheche ndogo ya samawati,
harufu ya plastiki, kali, yenye utamu wa uongo.
Akriliki nyeusi ikadondosha dirisha lake
na matundu yake, tik, tik, chini ya wavu.
Nikabandua karatasi ya kinga kwa ukucha.
Ukang'aa. Nilijiona humo, nimezeeka, nacheka.

Ambrus akaja kuujaribu. Akavua glavu.
Mkono ule naujua tangu harusi ya dada yangu:
vidole vitatu, vinene, vigumu kama mizizi,
viwili aliviacha kwenye roli za moto
majira ya baridi ambayo hatuyataji.
Naujua, nami nilichora kwa vidole vyangu.
Aligeuza moto, maji yakageuka nao.
Akayarudisha maji, moto ukapanda.
Hakusema neno. Aliyesema ni Etelka, mkewe:
Uso mzuri, dada. Ila haumjui mwenyewe.

Usiku ule nilimwita, nikamwekea karatasi mezani.
Weka mkono, nikamwambia, uulaze tu.
Nikauzungushia penseli polepole,
kama fundi viatu anayechukua kipimo cha mguu.
Alipofika penseli pale pasipo na vidole
tulinyamaza wote wawili, nikapitisha mstari.

Matundu sasa yako mbali, arobaini na sita,
kimoja juu, kingine chini upande wa kushoto,
skrini imesukumwa pembeni kumpisha kiganja.
Mwalimu wangu wa uchoraji angelia.
Neno la moto, neno la maji,
kwa lugha yetu kila moja herufi tatu,
nimeyachonga makubwa asihitaji miwani.
Nilikata kwanza katoni, kisha katoni tena,
ndipo nikamrudia Boglárka.

Oktoba hii mvuke umepanda hadi kwenye boriti.
Namba nyekundu zinapumua, sabini na nane, sabini na nane nukta tano,
na Ambrus anageuza moto peke yake, maji yametulia,
hautazami hata mkono.

Uso wa kwanza hatukuutupa.
Etelka anauwekea birika la kahawa.
Macho yale mawili yaliyosongana
yanamkodolea kila anayekuja kumimina.