Sanduku la Mchanga

Mlango wa nyuma naufungua kwa bega,
theluji ya Machi imeushikilia
kama mdai aliyechoka kuambiwa kesho.
Huko nje hakuna bustani. Kuna vijiti,
na vibati vyenye majina:
Nyekundu ya Mama Mkwe. Ile ya Pärnu.
Kimoja mvua imekilamba wino wote.
Hicho ndicho nakitazama sana.

Aprili udongo unanuka
kama sarafu iliyofumbatwa mchana kutwa.
Nargisi zimetoka, shingo upande,
zimetimia zote, maana panya wa shambani
wanaijua sumu yake.
Tulipu je? Nilizika arobaini.
Nimehesabu saba.
Kaljo, jirani, anacheka juu ya ua wa mbao:
"Helju, wewe hupandi. Wewe unalisha."
Namwambia mwenye njaa hana miiko,
naye anipe paka wake, kama ana maneno mengi.

Juni usiku unasahau kuja.
Saa tano, na bado naona rangi.
Peoni ya Salme inafumbua ngumi moja moja,
sisimizi wakipanda na kushuka
kama makarani wa serikali.
Mwaka nilioolewa alinikabidhi shina lake
limeviringishwa gazetini, bila neno.
Miaka minne halikutoa hata ua moja.
Nikadhani amelikataza.
Nilipolifukua nikaona kosa ni langu:
nimelizika kina mno.
Peoni hutaka macho yake karibu na hewa,
udongo wa vidole viwili juu yake, basi.
Angeniambia.
Au alingoja niulize.

Julai ni palizi, na mbu, na mgongo.

Agosti dalia zimenipita urefu,
zimebeba mvua, zinainamia njia,
napita katikati yake nikilowa mabega.
Arvo alizifunga kwenye mambo kwa tai zake,
wiki ileile aliyostaafu benki.
"Hazina tena kazi nyingine," alisema.
Bado nazitumia. Ya buluu yenye madoa
imebaki nyuzi, lakini fundo ni lake,
nami sijui kulifungua.

Halafu Septemba, usiku mmoja tu.
Asubuhi zote nyeusi, zimenyauka,
kana kwamba mtu kapita na birika la maji ya moto.
Watu huniambia pole.
Niseme kweli? Nahisi nafuu.
Hakuna tena wa kumwagilia, hakuna wa kusifu.
Nakata, nachimba, nakung'uta,
viazi vyake navilaza sandukuni, mchangani,
chini ya ngazi, kando ya viazi vya kula.

Januari nashuka na tochi.
Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nabonyeza kila kimoja kwa kidole gumba:
kilicholainika natupa,
kigumu narudisha.

Kuna hiki alichonunua sokoni Viljandi
majira yale ya kuchipua, ya mwisho kwake.
Kibati chake ndicho kile kilichofutika.
Mara mbili nimekipanda,
mara mbili baridi imekiwahi kikiwa na tumba,
tumba la kijani, limefumba, halisemi kitu.
Rangi yake aliijua Arvo,
na mwanamke fulani aliyemuuzia.

Nimekibonyeza. Kigumu.
Mwaka huu nitakianzisha ndani, dirishani, mapema,
Kaljo acheke atakavyo.
Nakifunika mchanga.
Nazima tochi, nasimama kidogo gizani,
nanusa viazi, siwezi kujua ni vipi.