Ijumaa ya Kwanza ya Mwezi

Barua yangu ya kuacha kazi ina tarehe saba.
Sita nimezikata kwa wino. Ya saba ni ya leo.
Nimeikunja mara nne, iko ndani ya buti la kulia,
buti jeupe la mpira, namba kumi, mali ya kampuni.

Mimi ni mpima minofu, zamu ya mchana, Igogo.
Sangara akinifikia ameshapoteza kichwa, ngozi na hoja.
Mizani yangu haisemi uongo
kwa kuwa kilicho juu yake hakiendi tena popote.
Miaka kumi na mmoja.
Vidole viwili vya kushoto havisikii moto wala barafu.

Usiku napima vyenye uhai.
Nyumba yetu iko mlimani, ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe,
na mtandao hushika vizuri nikiliegemea.
Holo analala mguu juu ya mama yake.
Mimi na jiwe tunaangalia bei ya dhahabu.

Siinunui. Mnielewe hapo.
Naweka pesa juu ya neno: itapanda.
Ikipanda nalipwa kwa kila pointi, ikishuka nalipa,
na dhahabu yenyewe haijui kama nipo.

Binamu yangu Lugata anachimba, kule Geita.
Nilipomweleza alinyamaza, akatema mate, akauliza,
"Kwa hiyo mimi niko ndani ya shimo,
wewe uko mdomoni unabashiri?"
Nikasema ndiyo.
"Basi angalau wewe hutameza vumbi."

Februari nilipata laki tisa kwa usiku mmoja.
Nikamwambia Nyamizi ni ovataimu.
Nikaandika tarehe ya kwanza, kwa mwandiko mzuri.
Machi ikazichukua, na ada ya Holo ikazifuata
kama msindikizaji aliyepitiliza na mgeni.

Leo, saa kumi na nusu, Marekani wanatangaza
watu wangapi wamepata kazi mwezi uliopita.
Namba moja tu. Ikiwa ndogo, dhahabu inapaa.
Nimeweka milioni moja na laki nne,
na humo mna zamu ya Nyamizi ya upatu.
Hajui.

Nimeomba ruhusa ya choo. Bi Nyangeta ameangalia saa yake.
Nimesimama na aproni, harufu ya klorini,
simu nimeiviringisha katika mfuko wa minofu,
naomba, Mungu anisamehe,
naomba watu nisiowajua wakose kazi.
Dereva wa lori. Mwalimu wa darasa la pili.
Mtu mmoja mwenye buti jeupe, kiwandani kama hapa,
anayekaa karibu na simu akisubiri kuitwa.
Usimwite, nasema. Wewe uliye na orodha, usimwite.

Ameitwa.

Wameitwa wengi, kuliko walivyokisia wataalamu.
Mstari ukashuka kama ndoo iliyokatika kamba,
sikusikia hata ilipogonga maji.
Akaunti ikajifunga yenyewe, kwa adabu,
ikanishukuru kwa jina langu kamili.

Nikacheka. Nkwabi akagonga mlango:
"Mpima! Samaki wanarundikana!"

Nimerudi mezani. Gramu mia nane na tisini.
Mia saba na kumi. Mia saba na kumi tena.
Barua inalowa taratibu, nahisi chini ya unyayo
karatasi ikirudi kuwa uji.
Tarehe ya saba sitahitaji kuikata.

Hongera, wewe wa ng'ambo. Kesho amka mapema.
Wakikupa buti kubwa, vaa soksi mbili.

Na mimi, saa moja jioni, nitapanda ngazi za mawe.
Nyamizi ameshapima paa kwa kamba:
mabati ishirini na mawili, ya geji thelathini.
Ataninyooshea karatasi, aniambie, hebu jumlisha,
wewe ndiye mtu wa namba.