Kidakizi

Malalamiko yalifika Daejeon asubuhi ya theluji:
Bibi Pyo Ok-bun, miaka sabini na tisa,
anataka tiketi ya basi kwenda Gunsan kwa dada yake,
na kisanduku kinamwandikia Gunsansan.
"Mji huo," kauliza, "uko mkoa gani?"

Seok-ju alicheka. Akajaribu mwenyewe,
cheko likamkauka.

Herufi za kwao hazikai pweke:
konsonanti hungoja irabu, silabi ikajengwa,
na ile ya mwisho hubaki wazi, imepigiwa mstari,
kama mtu aliyevuta pumzi na hajasema.
Hapo ndipo kisanduku, kidakizi kisicho haya,
kilimpokonya bibi tonge mdomoni,
kikamrudishia limetafunwa.

Kosa la nani? Mwaka juzi yeye mwenyewe alikifunza:
ukiguswa Ingiza, chagua.
Hakukifunza kungoja.

Saa tisa usiku, tambi zimegandamana bakulini,
akaongeza mstari mmoja:
akiwa bado anaunda silabi, nyamaza.
Gunsan. Gunsan. Mokpo.
Akabonyeza kando, orodha ikajifunga.
Mshale wa chini bado unaruka jina la pili,
sababu haijui; hilo la kesho.

Mama yake ana kigugumizi.
Utoto wake wote alimmalizia sentensi,
akidhani anamsaidia,
na mama akiitikia kwa kichwa
hata pale alipokosea.

Akaishika simu. Akaandika: Mama,
Maneno matatu yakajipanga chini, tayari kuchaguliwa.
Hakugusa hata moja.