Kibwana, Kibuana

Kwenye cheti cha kifo wameandika Kibwana.
Kwenye leseni ya makazi, Kibuana.
Karani wa Temeke akavua miwani, akaniambia polepole
kama anayemnywesha mtoto dawa chungu:
"Nenda kaape, binti, kwamba hawa wawili ni mtu mmoja."

Nikaapa. Muhuri, saini, chenji hakuna.
Baba, nimekula kiapo kwamba ulikuwa mmoja tu,
wewe uliyekuwa kwa Shomari mkali kama tupa,
kwa Siwatu kimya cha baada ya isha,
na kwangu, mfunga kamba za viatu vyangu hadi darasa la tano,
ukijua fika kwamba naweza mwenyewe.

Arobaini haijapoa, ukoko bado umegandia sufuria,
Shomari akauliza kiwanja cha Chanika kitauzwa lini.
Siwatu akasema cherehani ni ya mama, isiguswe.
Mjomba akakohoa. Wote wakanigeukia:
"Chausiku ndiye anayesoma maandishi madogo."
Ndivyo nilivyopata usimamizi wa mirathi,
kwa macho, si kwa busara.

Mwanzoni nilibeba vyote kichwani:
bili ya maji, namba ya luku, laini yako ya simu
inayopokea bado salamu za Ijumaa za watu wasiojua.
Usiku nahesabu bati za paa, nakosea, naanza upya.
Mpaka yule karani, siku yangu ya tatu kwenye foleni,
akachana karatasi daftarini mwake:
"Andika la leo tu. La kesho litaandikwa kesho.
Mahakama haina mbio. Marehemu naye hana."
Niliibandika ukutani kwa gundi yako ya mbao.

Fomu ina safu mbili: mali inayohamishika,
mali isiyohamishika.
Nyumba ya Keko, isiyohamishika. Kiwanja, vilevile.
Randa nne, patasi tisa, msumeno wenye mpini wa kamba, zinahamishika.
Kiti chako cha mlangoni hubebeka kwa mkono mmoja,
lakini tangu Mei hakuna aliyekisogeza;
hata ufagio unakizunguka.
Nilishika kalamu hewani muda mrefu.
Sikukiandika popote.

Kisha akaja Atupele, kutoka Yombo, na risiti yako:
kipande cha pakiti ya sigara.
Kitanda, futi tano kwa sita, mninga. Kalipa nusu.
Shomari alitaka kumwambia aende salama.
Nikafungua daftari lako. Jina lake limo, tarehe imo,
mwandiko umeinama kama mtu anayepita mlango mfupi.
Deni la maiti hutangulia mgawo.
Hilo hata Shomari analijua.

Basi tukafungua karakana, siku nne.
Siwatu msasa, mimi vanishi, Shomari viungo,
mama akituletea chai bila kuuliza nani anataka.
Kiwanja hakikutajwa.
Siku ya tatu Shomari akapima ubao wa kichwani,
akapima tena, akakuna shingo:
alama zako za penseli zimepotoka nusu inchi.
"Mzee alikosea!" akapiga kelele, akacheka,
akacheka hadi akaketi kwenye pumba za randa,
na pale chini kicheko kikamgeuka.
Hatukumnyamazisha. Siwatu aliendelea na msasa,
taratibu, upande mmoja, kama anayembembeleza.

Jana guta limekibeba kuelekea Yombo.
Atupele alimalizia nusu yake, noti kwa noti,
nami nikaziingiza kwenye hesabu ya marehemu,
Kibwana au Kibuana, mahakama inajua.

Ugomvi haujaisha, nisidanganye.
Tangazo bado lina siku zake, benki inataka nakala tatu,
na Shomari asubuhi hii kaulizia tena Chanika,
ila kwa sauti ya mtu aliyekwishakula.

La kesho liko kesho.
La leo lilikuwa kitanda. Nimelipigia mstari.