Tatu kwa Sahani

Mashine ilikuja naye kutoka Plovdiv
imeviringishwa ndani ya koti la sufu
ambalo Moshi haikuwahi kulihitaji
isipokuwa Julai, alfajiri, mlima ukijifunika.
Mpini wa chuma, skrubu ya kubana ukingo wa meza.
Meza yetu ina kovu pale ilipong'atwa
Jumamosi hadi Jumamosi, miaka thelathini.

Alikwenda kusomea magonjwa ya mifugo.
Alirudi na shahada na chakula kimoja.

"Kebapche," alisema,
na majirani wa Majengo wakasikia kababu.
Baba aligombana nao mmoja mmoja.
Kababu ina yai, ina kitunguu, inaogelea kwenye mafuta.
Hii ni nyama, chumvi, pilipili manga,
bizari nyembamba iliyokaangwa kavu mpaka inukie,
kisha usiku mzima kwenye ubaridi, ikijifikiria.
Mama Aikande wa nyumba ya pili
alivitazama vile vidole vya nyama juu ya wavu:
"Soseji zimevuliwa nguo."
Jina hilo ndilo lililobaki mtaani.

Shingo ya ng'ombe tulinunua kwa Shekalaghe, Mbuyuni.
Kitimoto tulifuata Pasua.
Mifuko miwili, mikono miwili,
zisigusane mpaka nyumbani,
kwa heshima ya Shekalaghe,
aliyejua, wala hakuuliza.

Bakuli la maji nilishika mimi.
Lowesha viganja, Ndeanasia. Usibane.
Isukume kama unayemlaza mtoto.
Urefu wa kiganja, unene wa kidole gumba.
Tatu kwa sahani. Si mbili, si nne.
Kwa nini tatu, Baba?
"Kwa sababu kule ni tatu."
Mjadala ukafungwa.
Jibini yao nyeupe haikupatikana,
tukaning'iniza mtindi kwenye kitambaa, tukautia chumvi,
tukaumwaga juu ya viazi.
Alikula amefumba jicho moja,
akimsamehe ng'ombe wetu.

Alirudi na kitu kingine: shingo.
Kule, anayekubali hutikisa kichwa, kulia, kushoto.
Anayekataa ndiye anayekiinamisha na kukiinua.
Miaka sita ilimgeuza
na Moshi haikumnyoosha sawasawa.
Hivyo alimkosa fundi bati mmoja,
akakikosa kiwanja cha Rau,
nusura amkose na Mama:
wajomba walipomuuliza kama kweli anamtaka,
alitikisa kichwa kwa furaha, akatikisa tena.
"Nilikimbilia zizini kulia," Mama husema,
"kumbe napendwa."

Tangu Machi hasemi.
Kiharusi kimechukua mkono wa kulia na maneno yote,
ya Kichaga, ya Kiswahili,
na yale ya kule aliyoitukania mashine ikikwama na mshipa.

Jumamosi nikaifunga mashine kwenye kovu lake.
Nikasaga, nikalaza, nikangoja usiku.
Jumapili moshi wa mkaa ulitangulia chumbani,
nikaona pua yake inaamka kabla ya macho.
Nikamkatia vipande vya mtoto.
Alitafuna polepole, kwa upande unaomtii.
"Baba, chumvi imetosha?"

Akatikisa kichwa.
Kulia. Kushoto. Kulia tena.

Muuguzi akanyoosha mkono kuchukua sahani.
"Hataki, dada. Usimlazimishe."
Mama alikuwa mlangoni, ncha ya kanga mdomoni,
mabega yakimtetemeka,
sikujua ni kicheko au ni nini.

Nikaonja.
Sikuongeza chumvi.
Sahani ilikuwa na mbili bado.
Nikakata ya pili.