Chokaa ya Songwe

Baba alifika Uyole na mkoba mmoja
na mbegu za mahindi ya bluu ndani ya soksi.
"Meksiko," alisema, na majirani wakaitikia "Eee,"
kana kwamba ametaja kijiji nyuma ya Loleza.

Babu Mwakalobo alimuuliza swali moja:
"Kwenu mnazikana wapi?"
Alinyoosha mkono, hakujua upande.
Ng'ombe sita. Wa saba alimleta mwaka niliozaliwa.

Hakuiweza "ng'". Hadi leo ng'ombe wetu
hugeuka ukiwaita "nyombe".

Ugomvi ulikuwa mmoja tu, wa chokaa.
Mama alinunua apake ukuta kabla ya Krismasi;
yeye akachota usiku, akachemshia mahindi,
akayasaga kwa jiwe, akachoma chapati zisizo na ngano.
"Mwanamume huyu anatulisha nyumba,"
mama alimlalamikia Subilaga wa dukani,
na ukuta wa nyuma haukuwahi kumalizika.

Tulikula. Watoto watano, tulikula,
kwa pilipili iliyotutoa kamasi katika baridi ya Juni.

Upepo hauulizi mpaka wa shamba:
sasa hata kwa akina Mwasote
hindi moja moja hutoka
na punje za rangi ya wino.

Tulimzika Julai, umande umeganda kwenye majani.
Wanawake walikuja na madebe ya mahindi.
Mama aliinuka mkekani,
akaingia stoo, akarudi na kiganja cheupe,
akakitikisia kwenye sufuria ya msiba
bila kumwangalia mtu.